Radio ya valvu tano: 50C5 inachemka, stesheni za juu hafifu

valvu_kale
Wakuu, salaam. Radio ya mezani ya Marekani ya miaka ya 1950: 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4. Ikishapata moto sauti inakwaruza, na 50C5, valvu ya kutoa sauti, inachemka kupita kiasi. Kuanzia 1200 kHz kwenda juu stesheni ni hafifu. Nikiunga waya wa mita 8 kwenye koili ya antena iliyo mgongoni, hali inazidi kuwa mbaya. Umeme wangu ni 240, natumia transfoma ya kushusha.

gridi_na_anodi
Mkuu, anza na transfoma. Ichomoe, pima ohmu kati ya upande wa kuingia na wa kutoka. Mita ikisoma chochote, ni koili moja na haikutengi na laini ya umeme. Radio hizi zimeunga filamenti zote (nyuzi za kupasha valvu moto) kwa mfululizo (12.6 mara tatu, 50 na 35, jumla volti 122.8), na chesisi, yaani fremu ya chuma, mara nyingi iko kwenye waya mmoja wa umeme. Itakuua! Tafuta ya koili mbili, 240/120, yenye uwezo wa VA 100.

Kukwaruza mara nyingi kunatokana na kapasita ya karatasi ya 0.01 µF kati ya anodi ya 12AV6 (pini ya kutokea sauti) na gridi ya 50C5 (pini ya kuingilia). Ikivuja, gridi inakuwa chanya na mkondo unapanda. Pima gridi hadi hasi ya saketi: inatakiwa sifuri. Ukikuta chanya, fungua mguu mmoja wa kapasita. Volti zikibaki, valvu yenyewe ndiyo mbovu. Zikitoweka, weka kapasita ya filamu ya volti 630. Rezista ya kathodi ya 50C5, ya ohmu 150, isome volti 7.5 hivi.

valvu_kale
Mita imesoma ohmu 9. Transfoma nimeiweka kando. Na antena je?

koili_mia
Usiunge waya moja kwa moja. Koili ile, takriban mikrohenri 238, inahitaji kapasitansi ya pikofaradi (pF) 365 kwa 540 kHz, lakini pF 42 tu kwa 1600. Waya wako unaongeza makumi ya pF: chini huoni tofauti kubwa, juu unavuruga kila kitu. Zungusha waya wenye ganda mara mbili pembezoni mwa koili. Ncha moja kwenye antena, nyingine kwenye nondo ya ardhini, kamwe si kwenye chesisi.

Kisha, ukishapata transfoma sahihi, rudisha kifuniko cha nyuma mahali pake, maana ukaribu wa chesisi unabadili tabia ya koili. Tafuta stesheni hafifu karibu na 1400 kHz, zungusha trima ya antena (kapasita ndogo ya kurekebisha) kwa bisibisi ya plastiki hadi sauti ifike kilele.