Tupeane uzoefu: Kitenzi "miss" cha Kiingereza kilikukwamisha wapi?

Mwanzisha mada, mtafsiri, Tanga
Ndugu zangu, salaam. Katika kazi yangu hakuna kitenzi kirefu kilichonisumbua kama hiki cha silabi moja, ambacho kamusi nyingi hukianza kwa "kukosa" na kukuacha ujitafutie mengine. Mwaka juzi nilimsomea bibi yangu ujumbe wa kitukuu wake aliyezaliwa Leicester, nikatafsiri "I miss you" kuwa "amekukosa". Bibi akauliza, "Kanikosa wapi, na mimi sitoki hapa barazani?" Alikuwa na haki, kwa kuwa aliyekukosa ni yule aliyekufuata asikukute. Nikajirekebisha: "Amekukumbuka." Akasema, "Kwani alikuwa kanisahau?" Nilipofika kwenye "ana hamu nawe" ndipo aliponitaka niurudie ujumbe wote tangu mwanzo. Najua vijana wangesema "amekumisi" na mambo yakaisha, lakini kwa bibi yangu hilo lingehitaji tafsiri nyingine. Nanyi tupeni yaliyowakuta.

Muuguzi, Dodoma
Tulipotafsiri karatasi ya maelezo ya dawa zinazomezwa kila siku, tuliandika: "Ukikosa dozi, imeze mara utakapokumbuka." Mama mmoja alirudi kliniki akiwa ameruka siku 4, na nilipomuuliza kama aliisoma karatasi alinijibu kwa utulivu kabisa: "Nimeisoma, dada, lakini mimi sikukosa dawa, zimejaa kabatini. Nilisahau tu kumeza." Kwake, na kwa wengi wetu, kukosa dawa ni kuambiwa kwenye dirisha la dawa kwamba zimekwisha. Sasa tunaandika "Ukisahau kumeza dawa kwa wakati wake", sentensi iliyo ndefu kidogo lakini isiyompoteza mtu. Ajabu ni kwamba mama huyo huyo akiniambia amekosa hedhi, hatuhitaji kuulizana zaidi.

Mwalimu wa sekondari, Kakamega
Mimi hukutana na tatizo hilo likitokea upande wa pili. Mwanafunzi wangu aliandika katika insha, "I missed school fees and I was sent home", akimaanisha kwamba alikosa karo. Mwingereza akiisoma sentensi hiyo atadhani mtoto alishikwa na hamu ya karo, hamu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote. Hapo palitakiwa kusemwa kwamba hakuwa na karo, kwa kuwa "kukosa" kwetu hubeba pamoja kutofikia kitu na kutokuwa nacho kabisa, ilhali "miss" haiubebi mzigo huo wa pili katika sentensi ya namna hiyo. Kosa lingine ni la sarufi: kwa kuwa sisi husema "nilikosa kuiona mechi", wanafunzi huandika "I missed to see the match", wakati kitenzi hiki kikifuatwa na kitenzi kingine hudai umbo la "-ing", yaani "I missed seeing the match". Ku- yetu hufanya kazi za maumbo yote mawili, ndiyo maana mtoto haoni sababu ya kuchagua.

Mfanyakazi wa shirika, Lubumbashi
Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna shida ya pekee. Kwa "I miss you", Kifaransa husema "tu me manques", ambapo mtendaji ni yule asiyekuwepo, kana kwamba wewe ndiwe unayepungua kwangu. Mwenzetu mmoja alipohamishiwa Nairobi, nilimwandikia kwa Kiingereza changu kipya, "You miss me very much." Akajibu kwa Kiswahili, "Nani kakudanganya?"

Mhariri wa habari za redio, Dar es Salaam
Chumba chetu cha habari kina mvutano wa miaka kuhusu "missing". Baada ya ajali ya boti, mwandishi mgeni hukimbilia "watu kadhaa wamepotea", nami hufuta na kuandika "hawajulikani walipo", kwa sababu aliyepotea huenda amekosea njia tu, na familia zinazosikiliza hazistahili kubahatishiwa. Lakini kuna mahali tunapowazidi Waingereza kwa mbali: wao husema risasi "narrowly missed" mtu, nasi tunasema "alikoswakoswa na risasi", na katika kule kurudiarudia kwa neno unaisikia risasi yenyewe ikipita sikioni.

Dereva wa watalii, Arusha
Nilichelewa kazini nikamwambia meneja wangu wa kigeni, "The bus left me." Alinielewa, ila alicheka, akanifundisha kusema "I missed the bus". Mpaka leo naona sentensi yangu ilisema kweli zaidi: mimi nilikuwapo kituoni, basi ndilo lililoniacha.

Mwanafunzi, London
Wiki yangu ya kwanza hapa nilimuuliza mzee mmoja njia ya kwenda ofisi ya usajili, akanielekeza na kumalizia, "You can't miss it." Kichwani nilitafsiri "huwezi kuikosa" nikaichukua kama ahadi, kumbe ni usemi tu wa kumtia mtu moyo, kama sisi tusemavyo "utaiona tu". Niliipita mara mbili.