Naomba ushauri: tamthilia ya runinga niigeuze filamu na katuni, nianzie wapi?

Kalamu_ya_Kisauni
Habari zenu wakuu. Niliandika tamthilia ya runinga ya vipindi 26, kila kimoja dakika 24. Imeshamaliza kurushwa hapa Kenya. Ni hadithi ya dada wawili wa Mombasa wanaogombania jahazi la marehemu baba yao. Nataka kuitoa filamu ya dakika 100 na kitabu cha katuni. Nianze na kipi, na hizi skripti nizikate vipi? Nililipwa kwa kila kipindi, kwa mkataba wa kurasa tatu.

HakiMkononi
Dada, usikate hata sini (onyesho) moja kabla hujausoma tena huo mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kifungu cha 31, inahesabu kuwa kazi uliyoagizwa kuandika, au uliyoandika ukiwa umeajiriwa, hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mkataba ukiwa kimya, mwenye hadithi ni prodyuza aliyekuagiza. Angalia kama kuna maneno "haki zote kwa njia zote". Yakiwepo, omba haki za filamu na za katuni zirudi kwako, au upewe leseni yenye muda na lugha zilizotajwa. Ahadi ya mdomo haina nguvu hapa, kwa sababu kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi na saini ya anayehamisha.

Jambo moja linaweza kukuokoa: kama muhtasari wa hadithi na wahusika uliuandika kabla ya kuagizwa kazi, tafuta nakala yenye tarehe, hata ya barua pepe. Usajili wa KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) ni wa hiari, lakini unakupa ushahidi ukizuka ugomvi.

Sini_kwa_Sini
Tuseme haki umezipata. Vipindi 26 vya dakika 24 ni dakika 624. Filamu inakupa 100, kwa hiyo kupunguza hakutakufikisha, itabidi uchague swali moja. Nani atalipata jahazi? Kila sini isiyogusa swali hilo iache, hata kama watazamaji waliipenda.

Skripti ikipangwa kwa herufi za Courier, ukubwa wa 12, ukurasa mmoja unakaribia dakika moja. Lenga kurasa 95 hadi 105, sini 45 hadi 60. Ugomvi uwe umelipuka kufikia ukurasa wa 12, na kufikia wa 25 dada hawa wasiwe na njia ya kurudi nyuma. Ukurasa wa 50 hivi ubadilishe maana ya ugomvi wenyewe, kwa mfano ijulikane jahazi limewekwa rehani.

Kinachoharibu filamu nyingi zinazoandikwa na watu wa tamthilia ni mazungumzo. Mtazamaji wa tamthilia anapika, anapokea simu, jana hakuangalia, ndiyo maana wahusika wanamkumbusha kila mara. Aliyekaa ukumbini hahitaji kukumbushwa. Pitia skripti ukifuta kila sentensi ambayo mhusika anamwambia mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua. Na zile tamati za kuning'iniza, zinazokata kipindi kwenye hatari ili mtazamaji arudi kesho, ziondoe. Zikifuatana 26 ndani ya dakika 100, hakuna atakayeamini tena hatari yoyote.

Fremu_Tano
Kwenye katuni ndiko waandishi wa runinga wanakwama zaidi, hasa kwa kusahau kwamba fremu (kisanduku kimoja cha mchoro) haisogei. "Anafungua mlango, anaingia, anaketi" ni vitendo vitatu, na mchoraji atakurudishia. Fremu moja, kitendo kimoja. Weka fremu 4 hadi 6 kwa ukurasa. Sini ya dakika mbili itakula kurasa 2 hadi 4, kwa hiyo toleo la kurasa 20 za hadithi linabeba sini 6 au 8 tu.

Wahariri wa Marekani walikuwa na kanuni ya zamani ya maneno 35 kwa fremu, yaani 210 kwa ukurasa wa fremu sita. Kwa Kiswahili shuka chini ya hapo. Neno kama "hawakutuambia" linajaza mstari mzima wa kiputo (duara la maneno ya mhusika) na halikatiki vizuri. Maneno 12 hadi 15 kwa kiputo, viputo viwili kwa fremu. Anayeanza kusema asimame kushoto, la sivyo mikia ya viputo itapishana. Huna muziki wala sauti, kwa hiyo kimya kiandikie fremu yake isiyo na kiputo.

Halafu panga mafumbo kwa kufunua ukurasa. Swali likae mwisho wa ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, na jibu upande wa nyuma yake, wenye namba shufwa. Ukiweka siri kwenye ukurasa wa kulia, jicho la msomaji limeshaiona kabla hajamaliza wa kushoto. Kitabu cha kubanwa kwa pini kinakwenda kwa kurasa zinazogawanyika kwa nne, hivyo 20 za hadithi na 4 za mengine ni hesabu nzuri.

Sini_kwa_Sini
Na usidhani lazima hadithi moja izunguke kote. Mwandishi Mmarekani J. Michael Straczynski alianzia uhuishaji wa televisheni, akaandika vipindi 92 kati ya 110 vya tamthilia ya Babylon 5, akaandika vitabu vya katuni vya Spider-Man kuanzia 2001, kisha filamu ya Changeling ya 2008. Hadithi zilikuwa tofauti kabisa. Alichohama nacho ni ufundi.

Kalamu_ya_Kisauni
Asanteni sana, mkataba nauchukua leo. Je, katuni ikitangulia, nitaitumia kumwonyesha prodyuza wa filamu?

Fremu_Tano
Ndiyo. Kurasa 8 zilizokamilika, jalada na muhtasari wa ukurasa mmoja vinatosha. Mchoraji anayechora na kupitisha wino peke yake mpe siku moja au mbili kwa ukurasa. Ila saini naye kwanza, kwa sababu michoro ina hakimiliki yake, na bila maandishi mnaweza kugombania ni ya nani. Sura za wale dada, mavazi yao na rangi za jahazi zikiingia kwenye filamu bila makubaliano, anaweza kudai. Andikeni asilimia za mauzo ya kitabu, asilimia za filamu, na nani anaweza kuajiri mchoraji mwingine akijitoa katikati.