Naomba ushauri: basi la mita 12 kwa skeli ya 1:24, vifaa vya nyumbani tu

Mchora_Ramani
Habari za leo wakuu. Nataka kutengeneza modeli ya basi la abiria la mita 12, skeli 1:24, bila kuagiza chochote nje. Nilivyonavyo: maboksi ya biskuti na ya nafaka za asubuhi, chupa za maji, vikombe vya mtindi, kandambili zilizokwisha, nyembe, msasa namba 120 na 400, gundi nyeupe ya mbao na supagluu. Maswali yangu ni haya: bodi niijengeje isipinde? Kwa nini gundi inashika plastiki nyingine na kubanduka kwenye nyingine? Vioo navyo nikivigandisha vinapata ukungu mweupe, tatizo ni nini? Na matairi nitayapataje yakiwa duara kweli?

Rula_ya_Chuma
Mkuu, anza na vipimo. Kila kipimo halisi kiweke kwenye milimita kisha gawanya kwa 24. Urefu 12,000 unakuwa 500, upana 2,500 unakuwa 104. Tairi la kawaida la basi, 295/80R22.5, lina kipenyo cha kama milimita 1,044, kwa hiyo kwako ni 43.5, na upana wake ni 12.3. Rimu ni inchi 22.5, yaani 23.8 kwenye modeli.

Nasisitiza rimu kwa sababu wengi huchukua kifuniko cha chupa ya maji bila kukipima. Kifuniko kina karibu milimita 30. Ukikitumia kwenye 1:24, rimu inakuwa kubwa mno na tairi linabaki kama utepe. Basi zima litaonekana limekosewa hata kama bodi umeipatia.

FundiBoksi
Bodi: achana na boksi lenye mawimbi ndani, hata kwa mbavu (fremu za ndani zinazoshikilia bodi). Mistari yake hujitokeza juu ya rangi. Boksi la nafaka lina unene wa kama nusu milimita, ambao kwa skeli yako ni sentimita 1.2 halisi. Kwa ngozi ya bodi linafaa kabisa.

Mbavu tengeneza kwa kubandika karatasi tano za boksi hilo kwa gundi nyeupe iliyopakwa nyembamba. Funika kwa mfuko wa plastiki juu na chini, lundika vitabu vizito, acha hadi kesho yake. Ukiliacha wazi upande mmoja, upande huo hukauka kwanza na ubao wote hukunjamana.

Usipange mbavu kwa umbali sawa tu ilimradi zimeenea. Ziweke nyuma ya nguzo za madirisha, la sivyo ukishaweka vioo utaona ubavu unakatiza katikati ya dirisha. Pale chini ya madirisha ongeza vipande vifupi ili nafasi isizidi milimita 45 hivi. Nafasi ikizidi hapo, ngozi hubonyea kati ya mbavu gundi inapokauka.

Halafu angalia nyuzi za boksi. Likunje kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Linakokunjika kwa urahisi, mkunjo umefuata nyuzi. Nyuzi zielekee urefu wa basi, ndipo kona ya paa itaviringika vizuri bila kuvunjika. Boksi moja halifiki milimita 500, kwa hiyo kiungo kiwe nyuma ya nguzo, na ndani bandika kipande cha upana wa milimita 15.

Pembe90
Kuhusu wembe: ukiushika mzima unayumba na mstari unapinda. Uvunje katikati kwa urefu ukiwa bado kwenye karatasi yake, ubane nusu moja kati ya vijiti viwili vya askrimu, funga kwa uzi na gundi. Ncha itokeze milimita 5 tu. Kata kwa kupitisha mara tatu au nne taratibu kando ya rula ya chuma. Ukilazimisha mara moja, boksi linachanika upande wa chini. Kingo zikitoa manyoya, pitisha supagluu nyepesi, subiri ikauke, kisha msasa 400.

Msasa nao ubandike kwenye kijiti cha askrimu au kipande cha rula. Ukiushika kwa kidole unachimba mashimo.

Msasa400
Plastiki: geuza chombo utafute namba ndani ya pembetatu. Namba 6 ni polistireni, hii ndiyo unayoitaka. Namba 5 na 2 hazishiki gundi wala rangi, hata ukisugua namna gani. Zitumie kuchanganyia rangi basi. Namba 1, ya chupa ya maji, hushika supagluu ukiikwaruza kwanza. Vikombe vya mtindi vingine ni 6 na vingine ni 5, kwa hiyo soma kila kimoja. Kisipokuwa na namba, kunja kipande: polistireni hugeuka nyeupe pale inapokunjwa kisha hukatika.

Kwa polistireni, thina ya selulosi inayeyusha nyuso mbili zikaungana kuwa kitu kimoja. Itie kwenye kichupa cha rangi ya kucha kilichosafishwa, brashi yake tayari ipo. Gusa kiungo tu, thina itajipenyeza yenyewe. Ukijaza, ukuta mwembamba wa kikombe unalegea na kujikunja. Acha siku nzima kabla ya kupiga msasa. Madirisha yawe wazi, na moto usiwe karibu.

Mchora_Ramani
Asanteni sana. Mapengo kwenye viungo nizibe na nini? Nimesikia supagluu na pamba.

Pembe90
Pamba hapana! Supagluu ikikutana na pamba huchemka ghafla, inaweza kukuunguza vidole. Tumia soda ya kuokea, siyo beking pauda. Nyunyiza kidogo kwenye pengo, dondosha supagluu, inaganda papo hapo. Isawazishe kwa msasa mapema, maana ikikaa inakuwa ngumu kuliko boksi lenyewe na msasa utakula pembeni badala yake.

FundiBoksi
Vioo: ukungu ule ni mvuke wa supagluu unaotua kwenye plastiki. Tumia gundi nyeupe, vitone vidogo kwa kijiti cha meno, ikikauka haionekani. Ukungu uliokwishaingia jaribu kuusugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini.

Chupa ya maji usiinyooshe kwa pasi. Plastiki yake ilivutwa kiwandani, ikipata moto husinyaa. Tafuta plastiki bapa ya boksi la keki au la shati. Ule ukingo mweusi wa kioo cha mbele uchore upande wa ndani, ili nje ibaki inang'aa. Vifuko vya duara vya vidonge, vile vyeupe vya kuonea ndani, ni lenzi nzuri za taa.

Rula_ya_Chuma
Matairi: kata kandambili vipande vya mraba vya milimita 48, toboa katikati, gandisha kila kimoja kwenye kijiti cha mshikaki. Kifunge kwenye drili, mwendo wa polepole, sogeza msasa 120 hadi ufikie 43.5, malizia na 400. Drili ikienda kasi, sponji inayeyuka na kufanya ngozi inayong'aa. Tairi likiyumba, tundu halikuwa wima. Toboa upya, usijaribu kulirekebisha kwa msasa. Mwisho punguza unene hadi 12.

Rimu ni duara za boksi za milimita 24 zilizobandikwa pamoja. Nati ziko 10, kwenye duara la milimita 335, kwako 14, kila moja digrii 36 kutoka mwenzake. Nati zenyewe: bomba la peni ya BIC ile ya kuonea ndani ni polistireni, lipashe juu ya mshumaa, mbali kabisa na thina, livute hadi libaki milimita 1.4, kisha katakata.

Msasa400
Kabla ya rangi, paka sandi sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya rangi) ndani na nje ya bodi. Wanaotumia gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nawaelewa, ni rahisi, lakini maji yanavimbisha boksi na paneli ndefu kama hizi zitapinda. Spreya ipige kwa ukungu mwepesi, umbali wa sentimita 25 hivi. Tabaka la kwanza nzito litayeyusha sehemu za polistireni, na kama umejaza sponji nyeupe ya maboksi ya TV popote, italiwa yote. Vioo na saiti mira ziingie baada ya rangi kukauka.