Naomba ushauri: juisi imeandikwa "inafaa wenye kisukari", sukari ya mama imepanda

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama yangu ana kisukari. Wiki mbili amekunywa juisi ya boksi iliyoandikwa "Haijaongezwa sukari, inafaa wenye kisukari". Juzi kabla ya kunywa alipima sukari ya damu ikawa 7.1 mmol/L, masaa mawili baadaye 14.2. Nikasoma maandishi madogo ya nyuma: wanga gramu 12 kwa kila mililita 100. Yeye humaliza nusu lita, yaani gramu 60! Sukari ya tunda lenyewe nayo ni sukari jamani.

Tumeiacha. Mwenye duka anasema yeye anauza tu, na namba ya kiwandani haipokelewi.

Naombeni msaada: nikienda kulalamika TBS (Shirika la Viwango Tanzania), boksi na risiti vinatosha? Na kwenye lebo nitazame mstari wa sukari au wa wanga wote?