Epoksi inapasuka kama kioo, nimeitia silikoni ikawa balaa

FundiMakorora:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza vibao vya kuwasha na kuzima pampu, vile vinavyokaa juu ya tenki la maji. Bodi naipanga ndani ya kiboksi cheusi, namimina epoksi (ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) mpaka juu, ikikauka napeleka kwa mteja. Mwaka huu vimerudi vinne. Ufa unaanzia kwenye pembe ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na kwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa boksi. Kimoja ufa umeng'oa mguu wa kapasita kwenye solda. Jua la Tanga mnalijua: saa nane mchana boksi haligusiki, alfajiri limepoa.

Nikajisemea, epoksi ngumu, silikoni laini, nikizichanganya nitapata kitu cha katikati. Nikakamua silikoni ya kuzibia masinki, vijiko viwili kwenye gramu 200. Loo! Imebaki mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatika, juu kunateleza, na shaba ya bodi ya majaribio imeota kijani. Nimekosea kipimo au wazo zima?

MzeeWaRangi:
Wazo lako ni zuri, fundi. Viwandani wanalifanya kila siku, hasa kwenye epoksi za kufunikia vifaa vya umeme. Ulichokosea ni silikoni yenyewe.

Epoksi na silikoni ni maji na mafuta. Ukikoroga hata kwa drili, zitaachana kabla hazijakauka, na silikoni itapanda juu. Huo ndio utelezi ulioushika. Nimekaa kwenye rangi za magari miaka mingi. Tone moja la mafuta ya silikoni likiingia karakana, kila mlango unaopuliza unatoka na vishimo vya mviringo. Kwa hiyo hiyo meza uliyochanganyia, isugue vizuri sana.

Silikoni inayofaa ni ya majimaji, ambayo minyororo yake imefungwa ncha za amini au za epoksi. Ncha hizo zinashikana na epoksi wakati inakauka, kwa hiyo silikoni haina pa kukimbilia. Inabaki vitone vidogo vilivyotawanyika humo ndani, vya mikroni moja hivi (unywele una kama 70). Ufa ukifika kwenye kitone, kitone kinapasuka tumbo na kuwa tundu, na epoksi iliyokizunguka inapata nafasi ya kuvutika badala ya kukatika. Ufa unachoka hapo. Tangu miaka ya 1960 watu wamefanya hivyo kwa mpira wa majimaji. Silikoni sifa yake ni kuvumilia joto zaidi. Ila usizidishe, epoksi italegea.

Kuipata rejareja huku kwetu ni shida. Mwambie muuzaji unataka epoksi iliyokwisha kutiwa mpira au silikoni kiwandani.

BintiSolda:
Kaka, ile kijani ni siki. Hukuisikia harufu ulipofungua tyubu? Silikoni ya aina hiyo inatoa asidi inapokauka, na asidi inakula shaba. Usiisogeze karibu na bodi, hata kwa dharura. Ipo isiyotoa siki, imeandikwa ni ya vifaa vya umeme.

Mimi sichanganyi kabisa. Rilei na kapasita kubwa nazipaka kwanza koti jembamba la hiyo silikoni salama, naacha ikauke kabisa, ndipo namimina epoksi. Ila miguu ya nyaya zinazotoka nje siipaki, kwa sababu epoksi haishiki juu ya silikoni na maji yatapita hapo hapo.

Halafu gramu 200 kwa mpigo ni nyingi. Kikombe hakikufuka moshi?

FundiMakorora:
Dada, kilifuka! Nikadhani ndiyo inakauka vizuri.

BintiSolda:
Basi nusu ya ugonjwa ndiyo hiyo. Ilikauka ikiwa ya moto sana, ilipopoa ikajikaza dhidi ya bodi. Joto likipanda, epoksi tupu inatanuka kama mara tatu ya shaba. Mimina tabaka mbili, na utie unga laini wa silika (madini ya mchanga, si silikoni) uliokauka, utapunguza kutanuka. Hadina (ile dawa ya kugandisha epoksi) pima kwa mizani, si kwa macho.

MzeeWaRangi:
Na boksi lipake nyeupe, fundi. Nyeusi juu ya tenki, Tanga?

FundiMakorora:
Mzee umenichekesha, nyeusi ndizo zilikuwa bei rahisi. Kesho naanza na vile vinne vilivyorudi: viwili koti la silikoni, viwili unga. Vyote nitaviweka juu ya bati langu mwenyewe kabla mteja hajaviona.