Shingo ya mtoto kupinda baada ya dawa ya kutapika: ni degedege?

Mama Wawili
Habari zenu. Binti yangu wa miaka 6, mwenye kilo 20, alikuwa akiharisha na kutapika, nikanunua metoclopramide duka la dawa la mtaani, nikaambiwa nimpe kidonge kimoja cha miligramu 10 kutwa mara tatu. Usiku wa siku ya pili shingo ilipinda, macho yakageukia juu, na ulimi ukatoka asiweze kuurudisha. Mama mkwe alisema ni degedege, lakini mtoto hakuwa na homa na alinisikia nilipomwita. Hospitalini alichomwa sindano, akatulia kabla ya nusu saa kwisha. Je, ni dawa ile? Ubongo wake umedhurika?

Mfamasia
Pole sana, mama. Dalili ulizoeleza ni za dawa hiyo, ambayo huzuia dopamini (kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni) katika sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika, lakini huizuia pia pale misuli inaporatibiwa, na watoto ndio huathirika kwa urahisi zaidi. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza isitumike kabisa kwa walio chini ya mwaka 1. Kwa watoto wakubwa zaidi ya hapo iwe chaguo la pili tu, baada ya upasuaji au tiba ya saratani, isizidi nusu miligramu kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 20 kidonge kimoja ndicho kikomo cha kutwa nzima, naye alipewa vitatu. Mkazo wa misuli wa namna hii kwa kawaida hupita bila kuacha madhara, ila unaweza kurudi sindano inapoisha nguvu, kwa hiyo mwangalie kwa siku mbili hizi, na akipumua kwa shida mkimbize hospitali.

Baba Salma
Mwanangu yalimpata hayo hayo, na wazee wakataka apelekwe kwa mganga. Nashukuru muuguzi aliuliza kwanza, kabla ya lolote, ni dawa gani alizomeza. Mtoto mwenye degedege kwa kawaida hupoteza fahamu, ilhali wangu alikuwa akilia machozi na kunitazama.

Mama Wawili
Asanteni mno. Je, akitapika tena nimpe nini?

Mfamasia
Maji ya ORS, kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 ikiwa anaharisha. Jina la dawa ile liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, ili asipewe tena.