Dorothy Levitt: dereva wa ukweli au tangazo tu la kampuni ya magari ya Napier? Karibuni tujadili

Wakuu, kila akitajwa Dorothy Levitt, yule mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa anakimbiza magari kuanzia 1903, lazima atokee mtu aseme huyo hakuwa dereva, alikuwa sekretari tu pale Napier, bosi S. F. Edge akampandisha kwenye gari ili magari yauzike. Mimi nakataa kabisa.

Usekretari ni kweli, na Edge alitaka matangazo, sawa. Ila kule Brighton, Uingereza, 1905 alipiga maili 79.75 kwa saa, mwaka uliofuata kule Blackpool akafika 90.88, yaani kilomita 146 na ushee, kwenye Napier ya wazi isiyo na mkanda wala kioo cha mbele, na matairi ya enzi zile yalikuwa yanapasuka hovyo. Tangazo ndo lilimshikia usukani hapo?

Na huyo Edge mwenyewe je? Alishinda mashindano ya magari ya Gordon Bennett 1902 akiwa na Napier, 1907 akaendesha Napier tena saa 24 pale Brooklands, uwanja wa mbio za magari huko Uingereza, kwa wastani wa karibu maili 66 kwa saa, na yeye ndiye aliyekuwa anaziuza hizo gari! Mbona yeye hamumwiti tangazo, mnamwita bingwa?

Halafu mnasema rekodi za Dorothy chache. Brooklands imefunguliwa 1907, huyu dada tayari ana jina, anaomba kushindana anakataliwa kisa mwanamke. 1908 wakaja kuweka resi ya wanawake peke yao, akashinda Muriel Thompson. Sasa unamfungia mtu geti halafu unamuuliza vikombe viko wapi, hii inaniuma sana aisee.

Kingine watu wanakipita haraka, kitabu chake cha 1909 aliwashauri wanawake wabebe kioo kidogo cha mkononi, wawe wanakiinua wakiwa barabarani waone kinachokuja nyuma, na hapo viwanda vilikuwa bado havijaanza kufunga vioo hivyo kwenye magari. Ushauri wa namna hiyo anautoa mtu aliyekaa kwenye usukani akajua shida yake, sio wa kukaa apigwe picha.

Mnaosema alikuwa tangazo, nipeni kigezo chenu, ila kiwe kimoja kwake na kwa Edge.